Mistari ya Mawe Nyuma ya Sericho

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye, awe kanisani au kwenye foleni ya maji, ananiuliza nilienda kufanya nini Sericho siku zote hizo, na kwa nini nilirudi nimeungua uso na bado ninacheka peke yangu. Nimejibu kwa vipande, huyu nikimpa mwanzo na yule mwisho, hadi watu wameanza kubishana kuhusu safari ambayo hawakuwamo. Kwa hivyo nimeketi nikaandika yote. Anayetaka kujua, ni hivi ilivyokuwa.

Wengi wenu mnanijua kama Mama Mwenda wa Wabera, hapa Isiolo. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kuchora ramani. Miaka mingi nilikaa juu ya kiti kirefu nikichora mipaka ya mashamba ambayo sikuwahi kuyakanyaga. Jirani yangu Halima, anayeuza nguo za kina mama, ndiye aliyenitoa nyumbani. Alikuja siku moja mvua zilipokatika, akaniambia kwamba nyuma ya boma la kaka yake, nje ya Sericho, kuna mistari ya mawe inayotembea ardhini. Iliwekwa na watu waliokuwa huko kabla ya Waborana kufika, na hakuna anayejua walikwenda wapi. Akaniuliza kama ningependa kuichora.

Sikumaliza hata kumenya viazi nilivyokuwa navyo mkononi.

Isiolo hadi Kula Mawe

Tulipanda lori la mizigo. Dereva wake, Dida, alikuwa amebeba unga, sukari na mabati, na alikuwa mtu wa maneno machache sana. Halima na mimi tulikaa naye mbele. Tulitakiwa kuondoka saa mbili asubuhi. Saa nne tulikuwa bado tumesimama, kwa sababu mtu aliyeagiza mabati alikuwa amepiga simu kusema anataka rangi nyingine. Mabati yakashushwa, mengine yakapakiwa, kisha akapiga tena kusema yale ya kwanza yalikuwa sawa. Dida alizima simu yake, akawasha injini na kuondoka na yaliyokuwa juu.

Kula Mawe tulishuka kunywa chai. Nilipoinusa ilikuwa na harufu ya moshi, nikamwambia mama mwenye hoteli, kwa upole nilivyodhani, kwamba naona sufuria yake imeungua. Alinitazama, akachukua kikombe na kuondoka nacho. Halima aliinamisha kichwa akicheka hadi machozi. Ni maziwa ya ngamia, alinieleza, na chombo chake hufukizwa makusudi kwa mti maalum ili maziwa yakae vizuri. Nilikuwa nimemwambia mtu kwamba ufundi wake ni uchafu. Nilimfuata yule mama jikoni nikamwomba msamaha, na kikombe kiliporudi nilikunywa chote, nikaongeza kingine na kingine. Sasa chai ya nyumbani kwangu naiona kama maji ya moto tu.

Kula Mawe hadi Garba Tula

Huku ndiko nilikoanza kuona jinsi nchi ilivyo pana. Mimi ni mtu wa Meru, nimezaliwa mahali ambapo ukitazama mbele unakuta kilima, na juu ya kilima shamba la mtu, na pembeni ua wa mtu. Hapa jicho linaenda hadi linachoka lenyewe. Nilikuwa nikijiuliza ni nani angeweza kuweka mpaka katika nchi kama hii, na kwa nini.

Kabla ya Garba Tula tulikuta laga imejaa. Mvua ilikuwa imenyesha mahali mbali ambapo hatukuona hata wingu, na mto ambao siku nyingi huwa mchanga mkavu ulikuwa unapita mwekundu, umebeba miti mizima. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili. Dida alishuka, akasimika kijiti ukingoni mwa maji, akarudi akalala chini ya lori. Alikuwa akiamka kila baada ya muda kuangalia kijiti.

Tulikaa pale tangu alasiri hadi asubuhi ya pili. Familia moja ya Wasomali iliyokuwa nyuma yetu ilipika tambi kwenye jiko la makaa kando ya barabara na kutuletea sinia bila kutuuliza tunatoka wapi. Tuliila pamoja na nyirinyiri, zile nyama ndogo zilizokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, ambazo Halima alikuwa amebeba kwenye kopo.

Ni hapo, tukiwa tumekaa juu ya magunia tukitazama maji, Halima aliponiambia lile ambalo hakuniambia Wabera. Ukame uliopita ulimaliza ng'ombe wote wa kaka yake Galgalo. Alibaki na watoto watano na mikono mitupu. Akanunua mashine ya kuvuta maji kwa mkopo, akalima kando ya laga, matikiti na mahindi, na kuzungusha uzio wa miiba. Lakini uzio ule umefunga mahali mbuzi na ngamia wa majirani walipokuwa wakipita kwenda visimani. Msimu uliopita watu walishikiana fimbo, na mmoja alipasuliwa kichwa. Wazee walikuwa wameitisha mkutano, na Galgalo alitaka mchora ramani athibitishe kwamba ile mistari ya mawe ni mipaka ya mashamba ya kale, kwamba hapo palilimwa tangu zamani.

Nilimuuliza kwa nini hakunieleza mapema. Alisema aliogopa ningekataa.

"Yeye ndiye kaka pekee niliyebaki naye," akasema. "Hiyo shamba ikitolewa, sijui atafanya nini."

Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa nimekula nyama yake mchana huo, na kwa kweli bado nilitaka kuyaona mawe.

Garba Tula hadi Sericho

Maji yalipungua alfajiri. Dida alivuka kwa miguu kwanza, suruali imekunjwa hadi magotini, akipapasa chini kwa fimbo, kisha akarudi akatuvusha. Kutoka hapo njia ilikuwa tope jeusi linalonata. Lori lilikwama mara tatu. Mara ya tatu tulishusha magunia yote, tukakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, na mimi, mstaafu mwenye magoti mabovu, nilisukuma pamoja na wanaume wa magari yaliyotufuata hadi viatu vyangu vikabaki ndani ya tope. Kimoja kilipatikana. Niliingia Sericho nimevaa ndala za Dida, yeye akiendesha bila viatu.

Galgalo alikuwa akitungoja kituoni na punda wa mizigo yetu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kidogo, lakini haikuwezekana. Ni mtu mwembamba, mpole, aliyenisalimia kwa mikono miwili na kuniuliza habari ya kila mtu wa nyumbani kwangu kabla ya kuuliza habari ya njia. Mkewe alikuwa amepika wali na mbuzi. Baada ya chakula alinikatia tikiti la shamba lake mwenyewe, akanitazama nikila kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Lilikuwa tamu sana. Nilimwambia hivyo, naye akatazama pembeni.

Sericho hadi kwenye mawe

Kutoka boma lake ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Siku ya kwanza nilivunjika moyo. Nilitarajia ukuta, na nilichoona ni mawe tu, yamezama nusu ardhini, mengi hayafiki hata magotini, yametapakaa kati ya majani mapya. Ilibidi Galgalo anisimamishe juu ya mmojawapo wa mistari na kunyoosha mkono. Ndipo nikaona kwamba lile jiwe lilifuatwa na jingine, na jingine, bila kuacha, yakishuka mteremko kuelekea laga moja kwa moja kama yamevutwa kwa kamba.

Nilitembea juu ya mstari ule polepole. Kila jiwe lilikuwa limebebwa na mtu. Halikuwa jiwe la hapo, udongo wa hapo hauna mawe makubwa. Lilitoka kilimani kule, na mtu alilikumbatia kifuani akashuka nalo, akalitua, akarudi kuchukua jingine. Walikuwa wangapi? Waliimba? Waligombana? Mimi nimechora mipaka elfu na elfu kwa wino, na sikuwahi kubeba hata jiwe moja. Nilijikuta nimevua ndala.

Siku hiyo nilipima kwa futi yangu ndefu na kusimika vijiti vya kuonyesha nilipofika. Kesho yake asubuhi vijiti vyote vilikuwa vimeng'olewa na kupangwa vizuri juu ya jiwe moja, kama kuni. Nikavisimika tena. Siku iliyofuata vilikuwa vimeng'olewa tena, na mara hii vilikuwa vimevunjwa.

Galgalo alisema anajua ni nani. Alinipeleka kwa Akko Kame, bibi mjane anayefuga mbuzi ng'ambo ya kilima. Akko ni bibi kwa Kiborana, lakini huyu hakutaka kuwa bibi wa mtu siku hiyo. Hakutukaribisha ndani. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akasikiliza Halima akinitambulisha, akamkatiza. Alijua Kiswahili cha sokoni, kwa kuwa alikuwa ameuza mbuzi Isiolo miaka mingi.

"Ni mimi niling'oa," akasema. "Mahali vijiti inawekwa, watu inahamishwa. Niliona hiyo na macho yangu."

Nilimweleza kwamba sikutumwa na serikali wala kampuni yoyote, na kwamba mimi ni mzee kama yeye, nimestaafu. Aliniuliza, kama ni hivyo, nilikuwa nikila na kulala kwa nani. Nikasema kwa Galgalo. Akasema basi anajua niko upande gani, na hilo ndilo swali nililokuwa nikilikwepa tangu kwenye laga.

Nilimwomba msamaha kwa kusimika vijiti mahali ambapo mbuzi wake hulisha bila kumuuliza. Nikamwambia sitasimika tena. Nitatembea tu na kuhesabu hatua, na kama anataka, atembee nami aone kila ninachoandika. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nadhani alitaka kunichunga nisiibe kitu.

Tulitembea siku mbili, yeye mbele, mimi nyuma na daftari. Hakuwa mtu wa hadithi. Nilipomuuliza kuhusu watu wa kale alisema yeye hakuwepo. Alichonionyesha ni mbuzi wake sasa wanavyozungukia kilima chote ili kufika kwenye visima, na mahali ambapo ndama wa ngamia wa jirani alivunjika mguu kwenye mawe ya huko juu. Jioni ya siku ya pili alinikuta nikiwa chini nikiinamia jiwe, akaniambia kwamba ninaangalia vibaya. Akaniambia tupande kilimani kabla jua halijashuka kabisa.

Sijui kama nitaweza kueleza nilichoona. Jua lilikuwa limelala pembeni, na kila jiwe, hata lile dogo kabisa, lilikuwa limetoa kivuli kirefu cheusi. Bonde lote lilikuwa limechorwa. Mstari nilioutembea siku nne ulikuwa mmoja tu kati ya mingi. Ilitoka kilimani kushuka laga, mingine ikikatiza, na kati yake vipande vya ardhi, kimoja baada ya kingine, vikienda hadi mahali ambapo macho yangu hayakufika. Hata majani yalikuwa ya rangi tofauti ndani ya kila kipande. Watu walikuwa wameishi hapa kwa mpango. Waliketi wakakubaliana, huyu hapa, yule pale, na makubaliano yao yalikuwa bado yako ardhini, majina yao yakiwa yamesahaulika kabisa. Niliketi chini. Nilikuwa nikilia, na Akko Kame alijifanya kuangalia mbuzi.

Niliponyanyuka kuanza kuchora kabla mwanga haujaisha, ndipo nikaona jambo la pili. Mistari miwili katikati ya bonde haikugawanya chochote. Ilikwenda sambamba, yote miwili, kutoka uwanda wa juu hadi visimani, ikipita kati ya vile vipande na bila kufungwa popote. Na kati yake ardhi ilikuwa imebonyea, kama inavyobonyea mahali palipokanyagwa na kwato nyingi kwa miaka mingi.

Ilikuwa njia ya mifugo. Waliolima waliiacha, na waliofuga waliipita, wakiwa wamewekewa mawe huku na huku ili wasiingie shambani. Nilitazama inakoelekea. Ilipita moja kwa moja katikati ya uzio wa Galgalo.

Nilimwonyesha Akko Kame. Alitazama muda mrefu. Alisema amepanda kilima hicho tangu utotoni, ameona mistari hiyo maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba ilikuwa na kazi.

Siku ya mkutano

Asubuhi ya mkutano nilimwambia Halima kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwambia nitasema yote mawili: kwamba ni kweli palilimwa, na kwamba palikuwa na njia. Alikuwa akisuka nywele za binti wa kaka yake. Vidole vyake vilisimama. Akaniuliza kama ni lazima niseme la pili. Nikamwambia nikikata ramani nusu, hata ile nusu itakayobaki haitakuwa kweli. Akaendelea kusuka, na njiani akatembea mbele peke yake.

Walikutana penye kivuli cha tangi la maji, wazee kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye mikeka. Baada ya dua na salamu ndefu, Galgalo alinitambulisha kwa heshima nyingi ambazo zilinichoma. Nilitandaza karatasi chini, nikaweka mawe pembeni isipeperuke, nikaeleza. Nilipofika kwenye mashamba ya kale, Galgalo alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nilipofika kwenye njia, aliacha.

Kulikuwa na kelele kwa muda. Wapo waliosema karatasi ya mgeni si kitu, na wapo waliotaka uzio uchomwe siku hiyo hiyo. Mzee mmoja aliuliza swali lililowanyamazisha wote: kama mimi nilikuwa mgeni wa Galgalo, ningepata faida gani kwa kusema hivyo. Galgalo aliinuka. Nilidhani anaondoka. Alikuja akachuchumaa mbele ya karatasi, akaweka kidole juu ya ile mistari miwili na kuifuata taratibu hadi mwisho.

"Hawa walilima, na walipitisha mifugo," akasema. "Waliweza vipi?"

Hakuwa akimuuliza mtu. Kisha akaomba nimpeleke aone mwenyewe.

Tulikwenda watu kama ishirini, wazee na vijana. Jua lilikuwa tayari kali na vivuli vimekwisha, lakini sasa nilijua pa kukanyaga, na Akko Kame alisimama kwenye mstari wa pili, hatua thelathini na tisa kutoka kwangu. Tukatembea kuteremka, yeye kwake, mimi kwangu, Galgalo katikati, hadi miiba ya uzio ikatusimamisha. Alitazama mahindi yake upande wa pili. Yalikuwa yameanza kutoa nywele.

Alimwomba mtu panga. Akaanza kuburuta miiba peke yake, na wazee walipotaka kumsaidia akakataa. Alifungua mwanya wa upana wa ngamia mmoja, akasimama, akifuta jasho. Akko Kame alimwangalia kutoka mahali pake juu ya mstari, bila kusogea. Wote tuliona kwamba mwanya ulikuwa mdogo. Akarudi kazini. Aling'oa safu ya mahindi, kisha nyingine, akiyalaza vizuri kando badala ya kuyatupa, na Halima aliingia ndani akaanza kuyakusanya kwa ajili ya mbuzi. Ilichukua hadi alasiri. Mwanya ulipofika jiwe upande huu, na jiwe upande ule, mbele na nyuma ya shamba, Galgalo aliacha mwenyewe.

Wazee walikubaliana kwamba shamba lililobaki ni lake, huku na huku ya njia, na kwamba mwenye mifugo itakayotoka nje ya mawe atalipa kilichoharibiwa. Lakini nadhani hakuna aliyekuwa akisikiliza sana, kwa sababu mbuzi wa Akko Kame walikuwa wamekwisha kutokea juu. Hakuna aliyewaswaga. Walifika mahali mistari inapoanzia, wakasita, yule wa mbele akanusa ardhi. Kisha akateremka, na wengine wote wakamfuata, wakipita kati ya mawe hadi visimani, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga nje.